Kilomita Zile Zile: Miaka Mia Moja ya Njia ya Anga kati ya London na Nairobi

Jumamosi ya tarehe 28 Februari 1931, mifuko ya barua ilipakiwa kwenye ndege ya shirika la Imperial Airways katika kiwanja cha Croydon, kusini mwa London. Kituo cha mwisho cha mifuko ile hakikuwa Nairobi, wala Mombasa, wala Dar es Salaam. Kilikuwa Mwanza. Ilichukua yapata siku kumi kufika ufuko wa kusini wa Ziwa Victoria, baada ya kuhamishwa kutoka ndege hadi ndege, kupakiwa kwenye treni na kupokezanwa kati ya vyombo vya nchi kavu na vya majini. Abiria nao hawakuchukuliwa mbali hivyo; tikiti zao ziliishia Khartoum.

Siku hizi ndege ya moja kwa moja kati ya London na Nairobi hutumia saa 8 na nusu hadi 9. Umbali, ukipimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, ni kilomita 6,800 na ushei, na ndio uliokuwepo mwaka 1931. Mtu hukimbilia kusema kwamba injini ndizo zilizozimaliza siku zile. Hesabu lakini haikubali kuzipa injini sifa yote. Ndege za Short Calcutta, zilizotua majini na kubeba sehemu kubwa ya safari ile, zilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 6,800 ni saa 45 au 46. Ongeza mizunguko yote ya njia, bado hujafikisha siku tatu. Siku nyingine zilizobaki zilipotelea chini: kwenye mipaka, hotelini, kwenye reli, kwenye matope na kwenye mafuta ya kusubiriwa. Anayetaka kujua kwa nini safari hii ilikuwa ndefu, na kwa nini ilifupika, aangalie ardhi kwanza.

Vichuguu vya Tabora

Kazi ilianza kwa majembe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la anga la Uingereza lilituma vikosi vya wapimaji kutafuta mahali pa kutua kati ya Cairo na Rasi ya Tumaini Jema. Ndege za wakati huo hazikuweza kwenda mbali bila kutua, hivyo vilihitajika viwanja vingi, na kila kimoja kilidai miti ikatwe na vichuguu vibomolewe. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua Waafrika kwa maelfu, kuanzia Sudan hadi Rhodesia. Kichuguu cha mchwa kilichokomaa ni kigumu kama saruji, na kukisawazisha kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Ya vibarua hao hayapo.

Mwaka 1920 viwanja hivyo vilijaribiwa. Tarehe 4 Februari, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Brooklands, Uingereza, kwa ndege ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Ndege nyingine ya Vimy, iliyodhaminiwa na gazeti la The Times, ilikuwa tayari njiani ikielekea kusini. Hiyo ya gazeti ilifika Tabora, na tarehe 27 Februari, muda mfupi baada ya kuruka, injini ikaishiwa nguvu na ndege ikaanguka. Waliokuwemo walinusurika, lakini safari yao iliishia pale. Van Ryneveld na Brand waliivunja ndege yao karibu na Korosko, kaskazini ya Wadi Halfa, wakapewa nyingine, wakaivunja hiyo nayo Bulawayo, na mwishowe wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi kwa ndege ya tatu. Siku 45, ndege tatu.

Tabora na Bulawayo ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na jua lao ni kali. Hewa ya mahali pa namna hiyo ni nyepesi: bawa hupata kidogo cha kushikilia, injini hupata kidogo cha kupumua, na ndege iliyojaa mafuta huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla haijainuka. Somo hilo lilijifunzwa kwa mabawa yaliyovunjika, na lingeifuata njia ya Nairobi kwa miaka 40 mingine.

Treni ya Brindisi

Huduma ya 1931 ilipoanza, kizuizi cha kwanza hakikuwa Afrika hata kidogo. Kilikuwa Italia. Serikali ya Roma na ile ya London hazikuelewana kuhusu ndege za Kiingereza kupita na kutua Italia, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1930 abiria wa Imperial Airways waliteremka Paris, wakapanda treni, na kuvuka Ulaya kwa reli hadi bandari ya Brindisi kwenye kisigino cha Italia. Mtu aliyelipa nauli ya ndege kwenda Afrika alitumia usiku wake wa kwanza ndani ya behewa.

Toka hapo alivuka Mediterania kwa ndege ya majini hadi Aleksandria, akafika Cairo, kisha akaufuata Mto Nile kusini: Wadi Halfa, Khartoum, Kosti, Malakal, Juba. Ndege haikuruka usiku. Jua likizama, abiria walilala hotelini au katika nyumba za wageni kando ya mto, wakaamshwa alfajiri kabla hewa haijachemka na kuanza kuwarusharusha. Mchana walitua tena kujaza mafuta na kula. Ratiba iliandikwa kwa siku, kwa kuwa saa hazikuwa na maana sana.

Tarehe 20 Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town kwa barua, na miezi michache baadaye abiria nao wakaruhusiwa. Hapo ndipo Nairobi ilipoingia kwenye ramani. Kisumu ikawa mahali pa kubadilishia: ndege ya majini ilitua ziwani, abiria wakahamia ndege ya magurudumu iliyowapeleka Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuingia Rhodesia. London hadi Nairobi ikawa safari ya wiki moja hivi. Kwa meli kupitia Mfereji wa Suez, kisha kwa reli kutoka Mombasa, safari hiyo hiyo ilikuwa ya wiki tatu au zaidi.

Nairobi yenyewe ilikuwa imekwisha kujipatia shirika. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, alitoa fedha za kuanzisha Wilson Airways, na rubani Tom Campbell Black akawa mkono wake wa kulia. Ndege zake ndogo zilichukua barua na watu kati ya Nairobi na pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Barua ya mfanyabiashara wa Zanzibar iliweza kuungana na ndege ya London bila kusubiri meli. Shirika hilo lilikufa vita vilipoanza 1939, lakini kiwanja cha Wilson mjini Nairobi kingali kinabeba jina la mama huyo.

Nairobi yapitwa kando

Mwaka 1937 Imperial Airways ilileta ndege za majini za aina ya Short Empire. Zilikuwa na injini nne, zilikwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na zilikuwa na nafasi ya abiria kusimama na kutembea. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeamua kwamba barua zote za kwenda makoloni zibebwe kwa ndege kwa stempu ya peni moja na nusu, na shehena hiyo ilihitaji vyombo vikubwa. Kwa kuwa chombo cha majini hakihitaji uwanja, hapakuwa na haja ya kujenga barabara ndefu za kurukia kila kituo. Ziwa, mto au bandari vilitosha.

Njia mpya ilianzia Southampton, ikapitia Marseille, Roma, Brindisi, Athens na Aleksandria, ikaufuata Nile hadi Port Bell na Kisumu, kisha ikakata kwenda baharini: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira, hadi Durban. Treni ya Brindisi ikawa historia. Abiria aliyetoka Southampton alikuwa Kisumu siku ya tatu au ya nne. Lindi, mji mdogo wa kusini mwa Tanganyika, ukawa kwenye njia kuu ya dunia. Nairobi, makao ya serikali ya koloni, isiyo na ziwa wala bahari, iliachwa pembeni. Mkazi wake aliyetoka Uingereza alishuka Kisumu na kumalizia safari kwa ndege ndogo ya Wilson.

Tatizo la kutegemea maji lilijitokeza tarehe 14 Machi 1939. Ndege iitwayo Corsair, ikirudi kaskazini kutoka Durban, iliondoka Port Bell asubuhi kuelekea Juba. Chombo chake cha redio cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu, nayo ikapotelea magharibi, ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Mafuta yakiwa yanakwisha, rubani Alcock, ndugu yake John Alcock aliyevuka Atlantiki kwa ndege mwaka 1919, aliiteremsha kwenye Mto Dungu karibu na Faradje. Ndege ikagonga mwamba na kutoboka. Watu wote walitoka salama. Chombo chenyewe kilikwama.

Mto ulikuwa mwembamba, na maji yalikuwa haba kwa ndege kubwa kama ile kupata mwendo wa kuruka. Mafundi walitoka Uingereza wakaikarabati, wakajaribu kuirusha, ikagonga tena. Ndipo likajengwa bwawa la kuinua kina cha mto, kwa nguvu za wanakijiji wa pale waliobeba mawe na udongo. Tarehe 6 Januari 1940 Corsair iliruka. Kutoka Port Bell hadi Juba ni mwendo wa saa chache. Safari ile ilikuwa imechukua karibu miezi kumi.

Usiku mmoja tu

Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na anga ya Mediterania ikafungwa. London na Nairobi zikawa mbali kuliko zilivyokuwa 1932, ingawa ndege zilikuwa zimeboreka. Njia kati ya Durban na Cairo iliendelea, ikiunganishwa na Australia kupitia Asia, na Kisumu na Mombasa zikabaki vituo vyake. Kutoka Uingereza ilibidi kuzunguka Afrika Magharibi na kukata bara hadi Khartoum.

Vita viliacha kitu ambacho amani haikuwa imekigharamia: viwanja vya nchi kavu kote Afrika Kaskazini na Mashariki, na marubani waliozoea kuruka usiku. Ndege za magurudumu za shirika la BOAC, lililorithi Imperial Airways, zikaanza kutua Eastleigh, Nairobi. Ndege za majini zilijaribu kurudi; mwishoni mwa miaka ya 1940 zile za Solent zilitua Ziwa Naivasha, na abiria wakamalizia kwa gari kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Novemba 1950 BOAC ilizistaafisha. Kila ziwa lilihitaji boti, wafanyakazi na taa zake, na chombo kilicholazimika kulikwepa giza hakikuweza kushindana na kile kilichokwenda usiku kucha.

Tofauti hiyo ilionekana duniani kote mwaka 1952. Tarehe 31 Januari, Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip waliondoka London kwa ndege ya BOAC ya aina ya Argonaut iliyoitwa Atalanta. Baba yake, Mfalme George VI, alikuja kiwanjani kumuaga. Ndege ilitua El Adem, Libya, kujaza mafuta, na asubuhi ya tarehe 1 Februari ilikuwa Eastleigh. Kilichokuwa wiki kimekuwa usiku mmoja. Siku tano baadaye mfalme alifariki. Habari zilimfikia binti yake akiwa eneo la Nyeri. Akarushwa kwa Dakota ya East African Airways kutoka Nanyuki hadi Entebbe, ambako Atalanta ilimsubiri. Radi na mvua za ziwani zikaichelewesha kuondoka. Hata hivyo alasiri ya tarehe 7 Februari alikanyaga ardhi ya London akiwa malkia. Miaka 20 kabla, mrithi wa kiti aliyeko Kenya angetumia wiki moja hivi kurudi.

Urefu wa barabara, wembamba wa hewa

Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, BOAC ilizindua huduma ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti. De Havilland Comet iliondoka London ikiwa na abiria 36, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kuingia Johannesburg katika muda usiotimia saa 24. Mwendo wake ulizidi kilomita 700 kwa saa.

Nairobi haimo kwenye orodha hiyo. Kwa mara ya pili njia kuu iliupita mji kando, na sababu ilikuwa lile somo la Tabora na Bulawayo, wepesi wa hewa. Eastleigh iko juu ya mita 1,600, na barabara yake ya kurukia haikutosha kwa jeti iliyoshiba mafuta. Entebbe iko kando ya ziwa, chini kwa takriban mita 500, na ilikuwa imejengewa barabara mpya ndefu. Kwa hiyo mtu wa Nairobi aliyetaka kupanda jeti ilibidi kwanza aende Uganda.

Jibu la Nairobi lilikuwa Embakasi, uwanda tambarare kusini mashariki mwa mji. Kiwanja kilijengwa katika miaka ya Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mahabusu wa Mau Mau waliowekwa katika kambi ya hapo hapo. Walichimba, wakavunja mawe, wakasawazisha, chini ya ulinzi na bila hiari. Hii nayo ni sehemu ya hesabu ya saa: usiku uliookolewa na abiria wa London ulilipiwa kwa siku za wafungwa. Mei 1958 Gavana Evelyn Baring alikifungua kiwanja. Aliyekusudiwa kukifungua alikuwa Malkia Mama, lakini ndege yake ilicheleweshwa na ubovu wa injini njiani kutoka Australia.

Comet za mwanzo zilikuwa zimeondolewa angani mwaka 1954 baada ya ajali zilizotokana na kuchoka kwa bati la kiwiliwili. Zilirudi zikiwa imara zaidi, na mwaka 1960 East African Airways, iliyoanza 1946 na Dragon Rapide sita zenye mabawa ya mbao na kitambaa, ilipokea Comet 4 zake. Baadaye ikaja Vickers VC10. Ndege hii iliundwa kwa kufikiria viwanja kama Nairobi, Kano na Johannesburg, vyenye joto na vilivyoinuka. Injini zake nne zilipangwa mkiani ili bawa libaki huru na lishike hewa yote linaloweza. Kufikia 1966 East African ilikuwa na Super VC10 zake, na chombo hicho kilikuwa na mafuta ya kutosha kuunganisha London na Nairobi bila kugusa chini.

Uwezo huo haukutumika kila mara. Ndege za East African ziliendelea kutua njiani, safari hii kwa ajili ya abiria wa kuchukua na kushusha kuliko mafuta. Tarehe 18 Aprili 1972 moja ya Super VC10 hizo, ikitoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Roma, ilishindwa kusimama ilipokatisha kuruka Addis, uwanja ulioinuka kuliko hata Nairobi. Watu 43 kati ya 107 waliokuwemo walikufa.

Shirika lavunjika, saa zagota

Mwaka 1977 East African Airways ilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoimiliki, kwa madeni na magomvi ya nchi tatu. Kenya iliunda shirika lake mwezi Januari, na tarehe 4 Februari Kenya Airways ikaanza kuruka kwa Boeing 707 za kukodi, Nairobi hadi London kupitia Frankfurt. Machi 1978 jengo jipya la abiria lilifunguliwa Embakasi, na mwaka huo huo, baada ya kifo cha Jomo Kenyatta, kiwanja kikapewa jina lake. Barabara yake ya kurukia ilirefushwa ikapita mita 4,000. Wembamba wa hewa wa Nairobi ulikuwa umejibiwa kwa lami.

Safari za moja kwa moja zilipozoeleka, mshale wa saa uligota mahali pamoja. VC10 ilikwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Boeing 787 ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea 2014 zinakwenda mwendo huo huo. Chombo kipya kinakula mafuta kidogo zaidi na hakina kelele nyingi, lakini abiria wa leo hafiki mapema kuliko yule wa miaka ya 1970 aliyepanda ndege isiyotua njiani. Hatua kati ya 1931 na 1970 ilikuwa kubwa kwa sababu kulikuwa na mengi chini ya kuondoa. Yalipoondolewa, zilibaki kilomita na mwendo wa injini.

Isipokuwa kwamba ya chini hayakuondoka moja kwa moja. Ukiufuata mstari mfupi kati ya miji hii miwili, katikati ya njia panaangukia jangwa la kusini mashariki mwa Libya, kaskazini ya Kufra, na mbele yake ni Sudan. Anga ya Libya imekuwa ya kuepukwa kwa miaka mingi tangu vita vya 2011 na vilivyofuata. Tarehe 15 Aprili 2023 mapigano yalizuka Khartoum, na kiwanja chake cha ndege kikawa uwanja wa vita tangu siku ya kwanza. Sudan ikafunga anga. Ndege za Nairobi na Ulaya zikapinda mashariki, juu ya Ethiopia na kandokando ya Bahari ya Shamu, kabla ya kuipata Misri. Khartoum ilikuwa kituo cha barua za 1931, cha ndege za majini za 1937 na cha Comet ya 1952. Mwaka 2023 marubani walianza kuizunguka.

Dakika zilizoongezeka si siku za treni ya Brindisi, na mafuta yanayochomwa kwenye kona hiyo yanaingia kwenye nauli bila kelele. Lakini kanuni ni ile ya mwanzo. Serikali ya Roma iliwahi kuwateremsha abiria Paris; majenerali wa Khartoum wamewapindisha njia abiria wa Nairobi. Watengenezaji wa ndege wameshatoa karibu kila walichokuwa nacho kwenye njia hii. Kama saa za London na Nairobi zitapungua tena hivi karibuni, zitapunguzwa na mapatano ya amani ndani ya Sudan na ndani ya Libya kabla hazijapunguzwa na kiwanda chochote.